Tonge la Kutafuniwa

Machochwe, 11 Februari 1996

Rhobi binti yangu, huko Nyamongo kwenye mashimo ya dhahabu,

Mimi mama yako nakusalimu. Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa, maana najua siku hizi una haraka. Huku tu wazima, isipokuwa wasio wazima, nao nitakutajia.

Anayeandika ni katekista Kornelio kama kawaida. Nimemwambia aandike ninavyosema mimi, siyo anavyosema yeye kanisani. Barua iliyopita alimtaja Bwana mara nne, na mimi nilikuwa naomba chumvi.

Habari za nyumbani ni hizi. Tembo walitoka hifadhini wakala mtama wa jirani. Wetu waliuacha, sijui kwa huruma au kwa dharau. Mbwa wetu Askari alichukuliwa na fisi siku ya Krismasi. Alilala zamuni. Sitafuga mwingine, kwa sababu kila ninayemlisha vizuri ananitoka. Mmoja ameondoka na fisi, mwingine ameondoka na dhahabu. Huyo wa pili ni wewe.

Sasa neno lenyewe. Sheila mwanao anaumwa tumbo. Tangu mlipomchukua zile wiki mbili za mwaka mpya mkanirudishia, mtoto si yule. Anashika hapa, chini ya kifua juu ya kitovu, anajikunja kama jongoo aliyeguswa. Ananiambia, "Bibi, kuna moto." Akila kidogo moto unatulia, kisha unarudi na kichefuchefu, kisha hataki kula. Mtoto wa miaka minne anakwepa ugali kama anakwepa mzinga wa nyuki!

Ni maji yenu hayo. Kila mtu anajua mnasafishia mawe kwa zebaki asubuhi, mchana mnachemshia chai. Mwanangu, dhahabu inaliwa?

Mimi huyu mtoto nimemlea kwa uangalifu. Hapa hali kitu kigumu. Nyama namtafunia mwenyewe mpaka iwe laini kama uji, ndipo namtia mdomoni, kama nilivyokufanyia wewe. Machochwe nzima hakuna mtoto anayelishwa hivi.

Mimi sijambo. Mzima kama jiwe la kusagia.

Mama yako,
Wegesa


Nyamongo, 5 Machi 1996

Mama,

Shikamoo. Shikamoo na kwako Baba Katekista, unayemsomea.

Barua imenifikia jana. Swaleh muuza vitenge alikwama ng'ambo wiki mbili, mto Mara umejaa. Alikuwa ameikalia, ndiyo maana imekunjika.

Pole kwa tembo na pole kwa Askari. Mume wangu anakusalimu kutoka mbali, kama mkwe anavyopaswa. Duara lao, lile shimo la dhahabu, limefika futi sitini na bado linatoa maji tu. Wanasema dhahabu iko mbele. Imekuwa mbele tangu Oktoba. Mgahawa wangu unakwenda, wachimbaji wanakula kuliko wanavyochimba.

Mama, habari ya Sheila imenikosesha raha. Lakini akiwa hapa alikunywa maji ya kuchemsha tu, nilimchemshia mimi mwenyewe. Hilo lambo mnalochota huko, si ndilo ng'ombe wa kijiji kizima wanasimama ndani yake mpaka tumboni? Naomba umpeleke zahanati, labda ni minyoo. Ikishindikana, nitakuja kumchukua akae nami.

Ningekuja wiki hii, ila kuna shughuli.

Nikuulize jambo, usinikasirikie. Tumbo lako wewe linaendeleaje? Nakumbuka nilipokuwa mdogo ulikuwa unapasha jiwe motoni, unalifunga kwenye kitambaa, unalikumbatia.

Mimi ni mzima.

Mwanao,
Rhobi


Machochwe, 24 Machi 1996

Rhobi,

Marahaba. Kornelio naye anasema marahaba, ingawa alipofika pale pa ng'ombe na lambo alikohoa akataka kuruka. Nikamwambia soma. Nikacheka. Ng'ombe wamesimama ndani ya lambo lile tangu babu yako hajaota ndevu, na babu yako alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya paa, siyo kwa tumbo.

Kwetu mvua imeanza vizuri. Binti wa Simioni ameolewa Robanda, kwa kijana anayefua mashuka ya wazungu kambini. Simioni anajisifu kana kwamba mashuka ni yake.

Zahanati nimekwenda. Wakampa dawa ya minyoo, minyoo ikatoka mitatu, nikashangilia. Kesho yake moto uko palepale. Nikamnywesha mwarobaini, akautapika. Nikampikia supu ya kichuri, ile chungu yenye nyongo, ambayo baba yako ilikuwa inamfufua hata akitoka kwenye pombe. Mtoto akanitazama kama nimemsaliti. Nikamwita mama mmoja anayejua kukanda. Akakanda, akasema kuna jicho la mtu. Nikamuuliza jicho gani linaloingia tumboni? Akakasirika, akaondoka na kuku wangu.

Amekonda, Rhobi. Alfajiri anaamka kabla ya jogoo, anataka kitu cha kuzima moto. Sasa kwa sababu hana nguvu za kutafuna, siyo nyama tu, namtafunia kila kitu: nyama, viazi, karanga, hata ugali wenyewe naupitisha mdomoni kwangu kwanza. Meno yamenibaki manne ya kufanyia kazi na yote yameajiriwa kwa Sheila. Nikichoka taya nasema potelea mbali, ni damu yangu.

Unasema utamchukua. Umpeleke wapi? Kwenye vumbi la karasha za kusagia mawe na walevi wa mashimoni? Huyu haondoki hapa. Wewe huwezi hata kuja kumtazama kwa sababu ya "shughuli". Shughuli gani inayomshinda mama kuja kwa mtoto? Siulizi. Nakuachia mwenyewe.

Na lile jiwe lilikuwa la kupasha miguu.

Mama yako,
Wegesa

(Mama Sheila, ni mimi Kornelio, naongeza mistari hii bila yeye kujua, Mungu anisamehe. Jiwe bado analipasha. Nimemkuta nalo mara mbili, mara zote akasema ana baridi, na jua lilikuwa la kupasua kichwa. Mtoto jana katapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Hakutaka niandike. Njoo.)


Mwanza, 30 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo.

Najua umekasirika. Siku niliyokuja na gari ulijifungia ndani ukasema unapepeta ulezi. Ulezi haupepetwi ndani, Mama. Sheila aliita "Bibi" mpaka tulipopita kanisani.

Baba Katekista, naomba umsomee yote, usikohoe.

Tulipofika hospitali kubwa hapa Mwanza walimlaza. Walimpa dawa ya usingizi wakampitishia mpira mwembamba mdomoni, una taa mbele yake, wakatazama ndani. Daktari Olima akanieleza kwamba ngozi ya ndani ya tumbo la Sheila imevimba na kuwa nyekundu, sehemu moja imechubuka, ndiyo iliyotoa damu. Siyo minyoo, siyo zebaki, siyo jicho la mtu. Ni bakteria, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinaishi humo humo ndani ya tindikali ya tumbo, mahali ambapo vijidudu vingine vyote vinakufa. Nikamuuliza mtoto wa miaka minne anakipata wapi. Akasema wengi wanakipata wakiwa wadogo hivyo hivyo, na si kila mwenye nacho anaumwa, lakini huyu ameumwa.

Nikamwambia, "Ni maji ya kwa mama yangu." Akasema, "Inawezekana." Nikasema, "Ama maji ya kwangu." Akasema, "Inawezekana pia." Kisha akauliza, "Nani anamlisha?" Nikajibu bibi yake. "Anamlishaje?"

Mama, nilimwambia. Kwa majivuno kabisa nilimwambia. Nikasema mama yangu anamtafunia, hakuna mtoto anayetunzwa vile. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza, "Huyo bibi, tumbo lake likoje?"

Nikamjibu kwamba bibi ana baridi ya miguu.

Sasa nami nikuambie nililokuficha. Shughuli iliyonizuia Machi ilikuwa kulala. Nilikuwa chini siku tisa, tumbo. Ninalo tangu nikiwa msichana, nilidhani kila mtu yuko hivyo. Wakanipima, ninacho kijidudu hicho hicho. Tunakunywa dawa mimi na Sheila, aina tatu, siku kumi na nne, bila kuruka.

Daktari anasema hukufanya ubaya. Anasema hata kwao wamekua hivyo hivyo. Lakini anasema mtoto akitibiwa kisha akirudi kwenye tonge la kutafuniwa na kijiko kile kile, anaweza kukipata tena. Kwa hiyo Sheila hatarudi Machochwe mpaka wewe pia utibiwe.

Nimesema vibaya? Nimeandika barua hii mara tatu.

Rhobi


Machochwe, 19 Mei 1996

Rhobi,

Salamu nimepokea. Mtama unakomaa. Kornelio amesoma barua yote bila kukohoa, akamaliza, akaomba ruhusa aende kunywa maji. Nikamwambia kaa hapa, chukua kalamu.

Kwa hiyo ni mimi.

Nimetukana maji ya Nyamongo miezi mitatu, nimetukana zebaki, mkwe, chai yako, kumbe sumu iko kwenye mdomo ninaotukania. Mungu ana utani, naye hatanii wengine kama anavyonitania mimi.

Sasa nisikilize. Mwaka ule wa unga wa manjano, walipotugawia mahindi ya ng'ombe wa Amerika, wewe ulikuwa na miaka miwili. Kabla yako nilizika wawili. Maziwa yalinikauka. Ulikuwa na kichwa kikubwa na miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Baba yako akapata kipande cha nyama ya nyumbu, kwa njia ambayo askari wa hifadhi hawakuijua. Ngumu kama kiatu. Nikaitafuna. Siku nzima naitafuna, nakupa, naitafuna, nakupa. Mimi mwenyewe sikumeza hata mate yake. Ukapona. Wewe umesimama hapo leo kwa meno yangu, unavaa sketi kwa meno yangu, unapanda gari kwenda Mwanza kumsikiliza kijana anayeweka kalamu chini.

Anasema sikufanya ubaya. Asante yake! Mwambie nilifanya wema, aandike hivyo kwenye cheti.

Sinywi dawa ya ugonjwa nisioumwa. Nimesema mimi ni mzima na mzima ni mzima. Mkitaka kumficha mtoto, mfiche. Mimi nitatafuna vya kwangu.

Wegesa

(Mama Sheila, ni Kornelio tena. Alimaliza kusema hayo. Kisha akaniuliza siku kumi na nne ni Jumapili ngapi. Nikamwambia mbili. Akasema, "Sikuuliza kwa ajili ya kitu chochote.")


Nyamongo, 9 Juni 1996

Mama,

Shikamoo.

Niliota usiku kwamba umeniuliza Jumapili ngapi. Nimeota pia kwamba jua lilikuwa kali na wewe umelikumbatia jiwe.

Duara la mume wangu limebomoka upande mmoja, hakuna aliyeumia. Amesema ataanza jingine pembeni. Dhahabu sasa iko pembeni.

Sheila amemaliza dawa. Moto haupo. Analala mpaka jua linatoka, amenenepa mashavu. Tatizo ni moja: nyama hataki. Nikimpa anaitunza shavuni, ananitazama, anasubiri. Nikimwambia tafuna anasema, "Hiyo ni kazi ya Bibi." Jana aliitoa, akaiweka juu ya kisahani, akasema Bibi akija ataimalizia.

Barua iliyo ndani ya hii ni ya daktari wa Mwanza kwenda kwa daktari wa Mugumu. Usiipe mbuzi. Huko watakupa dawa zile zile, lakini lazima wakuulize na wewe ujibu. Hawampi mtu anayesema ni mzima. Nakuomba neno moja tu, Mama. Useme unaumwa.

Mwanao,
Rhobi


Machochwe, 14 Julai 1996

Rhobi mwanangu,

Marahaba. Kwanza, ndoto zako zina mwandiko wa Kornelio. Nimemwambia hivyo, akamwagikiwa wino. Nimemsamehe, maana nikimfukuza nitaandikiwa na nani, na mbuzi?

Nilikwenda Mugumu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na haja ya chumvi. Nikiwa huko nikaona hospitali, nikaingia, kwa kuwa ilikuwa njiani.

Daktari mwenyewe ni kijana wa Kijaluo, Okal, hata kidevu chake hakijajua wembe. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Baba yako yuko wapi, aje anipime?" Akacheka. Muuguzi wake anaitwa Yasmini, mwanamke mnene mwenye ushungi, akanivutia kiti.

"Bibi, unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kutibiwa."

Akamtazama Yasmini. Nikampa barua. Akaisoma, akakuna kichwa. "Bibi, hii barua inaeleza ugonjwa wa mjukuu na binti. Wako wewe uko wapi?"

"Andika kwamba ninaumwa kwa niaba yao."

"Haiandikwi hivyo, Bibi."

"Mbona Kornelio anaandika kila kitu?"

Akasema nilale pale juu. Akabonyeza tumbo, huku, huku, nikanyamaza. Kisha akaweka kidole hapa chini ya kifua, nami nikampiga kofi mkononi kabla sijafikiri. Akauliza taratibu, "Hapo panauma?"

"Hapaumi. Usipaguse tena."

Yasmini akageuka ukutani, mabega yanacheka. Okal hakucheka. Akakaa, akaniuliza, "Bibi, hapa pasipouma, pameanza kutouma tangu lini?"

Rhobi, kijana yule ana akili. Nikamtazama. Nikafikiria kile kipande cha nyama ulichoniambia, kimekaa juu ya kisahani kinanisubiri.

Nikasema, "Tangu mwaka wa unga wa manjano. Panauma. Panauma kila siku ya Mungu."

Neno ni hilo. Ni dogo. Nililiweka miaka ishirini na miwili, nilidhani likitoka litabeba nyumba. Unajua majirani zetu, mwanamke akisema tumbo wanaanza kuuliza nani amemlisha nini, na mwenye tumbo bovu haachiwi mtoto. Nami nilibaki na mmoja. Baadaye nikabaki na mtoto wa huyo mmoja. Ndiyo maana nilikuwa mzima.

Wakanipa dawa aina tatu. Zile za manjano zinaacha ladha ya chuma mdomoni. Nilipotema mate asubuhi nikamwambia Kornelio amwandikie mkwe aache hayo maduara, aje achimbe hapa, huenda dhahabu ninayo mimi. Siku ya nne nilitaka kuzitupa. Siku ya kumi nililala mpaka jogoo akanyamaza. Jumapili mbili zimepita, zimeisha zote, sikuruka hata moja, Kornelio alikuwa anachora mkaa ukutani kila nikimeza. Okal kanipima tena, kabonyeza palepale, safari hii sikumpiga.

Jiwe sasa linazuia mlango usipigwe na upepo.

Nimetengeneza kinu kidogo cha mti mgumu, cha nyama tu. Nitampondea Sheila kila atakacho. Maji nachemsha, na moshi wake naulia machozi, mjue. Kijiko chake kiko peke yake kwenye msumari, hata mimi sikigusi. Mlete.

Mama yako aliyekuwa anaumwa,
Wegesa


Machochwe, 25 Agosti 1996

Rhobi,

Salamu kwako na kwa mkwe huko pembeni kwenye dhahabu ya pembeni. Tumevuna. Binti wa Simioni amerudi kutoka Robanda na sabuni za hotelini mfuko mzima, Simioni ananuka kama mgeni wa Ulaya.

Sheila ni mzima. Siku ya kwanza aliingia, akatazama kijiko msumarini, akatazama kinu, akatazama mdomo wangu. Nikamwambia, "Kazi hiyo nimestaafu." Akalia kidogo, siyo sana. Kisha nikampondea nyama ya mbuzi, akala, akasema ina ladha ya mti. Kesho yake akakataa kupondewa. Akachukua kipande kizima, akakitafuna mwenyewe kwa kelele kama ndama, ananionyesha kila mara kimefikia wapi.

Wewe ulipokuwa mdogo hukuwa na majivuno hayo.

Sasa juzi tumekaa jikoni tunakula. Yule mbuzi alikuwa mzee, na mimi yale meno manne yamebaki matatu, moja liling'oka siku ile ile ya hospitali kwa hasira. Nikawa nakizungusha kipande mdomoni, hakiendi mbele hakirudi nyuma. Nikakitoa, nikakiweka pembeni mwa sahani, nikajifanya nimeshiba.

Huyu mtoto akaniona. Akachukua kipande kingine kutoka chunguni, akakitia mdomoni, akatafuna. Ametafuna, Rhobi! Macho kwangu muda wote, uso umekunjika kwa kazi, kama fundi. Nikamuuliza unanitazamia nini? Hajibu, mdomo umejaa. Akamaliza, akakitema kwenye kiganja, kimelainika kama uji, akaninyooshea. "Bibi, fungua mdomo. Nimekulainishia."

Nikamwambia daktari amekataza. Akasema, "Mimi nimemaliza dawa. Na wewe umemaliza dawa. Fungua."

Kiganja bado kilikuwa mbele yangu.

Daktari ni daktari na mimi siyo mtu wa kuvunja amri. Nilimpa mbwa.

Hayo tu. Kornelio anatazama dari. Nimemwambia afunge bahasha mbele yangu, asiongeze chochote.

Mama yako,
Wegesa


Nyamongo, 16 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Tu wazima wote, na safari hii ni kweli.

Nimefurahi sana kwa habari za Sheila. Nimeisoma barua yako mbele ya wateja mpaka chapati zikaungua.

Kuna jambo moja tu sikulielewa. Barua yako ya Februari ninayo, nimeitoa nikaisoma tena. Askari aliliwa na fisi siku ya Krismasi, na ulisema hutafuga mwingine.

Sitamwandikia daktari Olima. Wala Okal sitamwambia. Nataka kujua kimoja tu, nawe nijibu ukitaka.

Ilikuwa laini?

Mwanao,
Rhobi